Mtu Aliye Ndani ya Lipiko

 

Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakabeba vitu kadhaa vya sanaa na mila. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kinyago cha Kimakonde cha aina ya lipiko, kile kinachomeza kichwa chote cha mvaaji. Mwaka uliofuata kiliuzwa Paris, na waliokinunua ni Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtaalamu mmoja alikitambua. Hapo yakaanza maulizo, barua na vikao vilivyokwenda karibu miaka ishirini, hadi Mei 2010 makubaliano yalipotiwa saini na kinyago kikarejea nyumbani. Katika makubaliano hayo makumbusho ya Geneva yalihesabiwa kuwa yameitolea Tanzania kinyago kile kwa hiari, kama zawadi. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo. Mali ya mtu iliyoibwa ikirudi kwake imerudi tu, haijawa zawadi.

Nilifurahi kiliporudi, na bado nafurahi. Ila tangu siku hizo nimekuwa na swali ambalo leo nataka tulifikirie pamoja. Kilichoibwa kilikuwa nini hasa, na kilichorejea ni nini? Maana mti uliochongwa, hata ukichongwa vizuri namna gani, ni sehemu tu ya kitu ambacho Wamakonde wanakiita lipiko, na wakiwa wengi, mapiko. Sehemu nyingine ni nguo, njuga, ngoma, nyimbo, uwanja, na siri. Juu ya hayo yote yumo mtu anayekubali kupotea kwa saa moja ili mwingine aonekane. Hivyo haviwekwi katika sanduku la kioo.

Desturi ya kuvaa sura isiyo yako haina kabila wala bara. Wayoruba wa Nigeria na Benin wana Egungun, wafu wa ukoo wanaorudi kuwatembelea wazao wao wakiwa wamefunikwa nguo tabaka juu ya tabaka. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, ngoma kuu ya chama cha Nyau. Watu wa Venice, Italia, kwa karne nyingi walitembea na vinyago usoni misimu mizima, bwana na mtumishi wasijulikane nani ni nani. Ukiuliza kwa nini binadamu hufanya hivyo, utajibiwa haraka kwamba ni kwa kutisha au kwa kudanganya. Majibu hayo yana ukweli, lakini hayafiki mbali. Ninavyoelewa mimi, mtu huvaa kinyago ili apewe ruhusa. Kuna maneno ambayo uso wako wa kila siku hauruhusiwi kuyasema, na kuna watu ambao kwa uso huo huwezi kuwa. Jamii inapokuvika uso mwingine inakupa ruhusa hiyo kwa muda, kisha inakunyang'anya. Sijui mahali linapoonekana wazi jambo hili kuliko kwa Wamakonde, kwa hiyo na tubaki nao.

Wamakonde wanakaa pande mbili za mto Ruvuma. Kusini, nchini Msumbiji, ni uwanda wa juu wa Mueda katika jimbo la Cabo Delgado. Kaskazini, nchini Tanzania, ni uwanda wa Newala, Tandahimba na jirani zake katika mkoa wa Mtwara. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, aliyekuwa akifanya kazi katika makumbusho ya Leipzig, alizunguka upande huu wa kaskazini akikusanya vitu na kuandika habari. Miongoni mwa aliyoyaandika ni hadithi ya asili yao.

Hapo mwanzo, katika kichaka kinene huko Mahuta, alitoka kiumbe wa kiume peke yake. Hakuwa akioga, hakunyoa kichwa, kula na kunywa kwake kulikuwa kidogo. Siku moja alikata mti akachonga sura ya mtu, akaipeleka kichakani kwake akaisimamisha. Usiku ile sura ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wawili hao wakateremka hadi Ruvuma kuoga. Huko mwanamke akajifungua mtoto, lakini mtoto alikuwa amekufa. Wakahama, wakavuka nchi ya juu hadi bonde la Mbwemkuru, akajifungua tena, naye akawa amekufa. Wakarudi kule juu, kwenye kichaka cha Mahuta, na huko ndiko mtoto wa tatu alikozaliwa mzima, akakua. Kwa watoto wao ndipo wanapohesabu Wamakonde chimbuko lao.

Sikia uzito wa hadithi hiyo. Mama wa watu hawa alichongwa. Kabla hajawa na pumzi alikuwa mti mikononi mwa mchongaji, na yule mwanamume mwenyewe hakuwa mtu kamili mpaka alipochonga. Watu wenye hadithi kama hiyo hawawezi kulichukulia gogo kama gogo. Ndiyo maana nadhani wanaosema Wamakonde walijifunza uchongaji kwa ajili ya kuuza wamelianza jambo mkiani.

Na hapa kuna mkanganyiko nataka kuuondoa. Ukitaja kinyago cha Kimakonde, wengi wetu tunawaza mpingo, ule mti mweusi, mzito, unaong'aa, na zile sanamu za watu waliopandana tunazoziona Mwenge, Dar es Salaam, au kwenye maduka ya watalii Mombasa. Hizo ni kazi nzuri, na zina historia yake. Zilishika kasi katikati ya karne iliyopita, wachongaji kutoka Msumbiji walipokuja Tanganyika na kupata wanunuzi. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani yenye viungo vilivyopotoka, na mtindo huo ukaenea dunia nzima. Lakini mpingo hauchezwi. Hakuna shingo itakayobeba mpingo na kuruka nao. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi na laini, jamii ya msufi pori, ukatobolewa ndani hadi ukawa mwembamba. Mdomo huachwa wazi kidogo, kwa sababu humo ndimo mchezaji anamochungulia njia. Kichwani hupandikizwa nywele za binadamu halisi. Usoni, mahali pa nembo, zile chale walizochanjwa wazee wa Kimakonde mashavuni na kwenye paji, hubandikwa nta ya nyuki au huchorwa mistari kwa kisu. Kinyago cha mwanamke hupewa ndonya, pambo linalopachikwa kwenye mdomo wa juu.

Hebu tulia hapo. Leo ukienda Newala au Mueda utakuta wenye nembo na ndonya ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Vijana hawachanjwi tena. Kwenye nyuso za watu alama zile zinafutika, lakini kwenye vinyago zimebaki. Kitu tunachodhani kinaficha sura ndicho kimekuwa hazina ya sura za mababu. Anayetaka kujua bibi wa bibi yake alionekanaje siku alipopendeza, atamwona kwenye lipiko.

Sasa twende uwanjani. Kwanza kuna pahala pa siri, nje ya macho ya watu, ambapo wanaume peke yao huingia. Wenyewe hupaita mpolo. Huko mchezaji hufungwa nguo kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, mikono yote, miguu yote, asibaki na upenyo wa ngozi hata wa ukucha. Hufungwa njuga. Kinyago huja mwisho, na kitambaa chake hukutana na nguo za shingoni ili mshono usionekane. Akishatimia, wenzake hawamwiti tena kwa jina lake.

Wakati huo uwanjani wapigaji wamewasha moto wa majani na vijiti kupasha ngozi za ngoma zikaze. Zipo ngoma kubwa na zipo ndogo zenye mguu mmoja uliochongoka, ambao huchomekwa ardhini ili mpigaji awe huru na mikono yake. Ngoma zinaanza, wanaume wanaimba, akina mama wanajibu. Kisha ghafla, kutoka pembeni, lipiko linatokea. Halitembei kama mtu. Linatetemeka, linasimama, linageuza shingo pole pole kuangalia umati, kama kwamba linashangaa kuwakuta watu bado wako duniani. Watoto wanakimbia. Akina mama wanakimbia pia, wanapiga yowe, kisha wanarudi wakicheka na vigelegele, wanalichokoza, wanakimbia tena. Lipiko na mpiga ngoma wanajibizana, mguu kwa mkono, bega kwa ngozi, mpaka kwenye pigo la mwisho vyote vinakatika mara moja na uwanja unakuwa kimya. Mchezaji akikosea pigo hilo ameaibika, na kijiji chake kimeaibika naye. Kwa kawaida halisemi neno. Nyimbo husema, na mwili.

Siri yake ni hii. Wanawake na watoto huambiwa kwamba lipiko si mtu, ni mfu ambaye wanaume wana uwezo wa kumleta. Wavulana wanapoingia jandoni ndipo wanapokutanishwa naye ana kwa ana, wakiwa na hofu ya utoto wao wote, na hatimaye kinyago huvuliwa. Ndani wanamkuta mjomba, au jirani, au kaka wa rafiki. Kuanzia hapo wameapishwa: wanajua, na hawatasema. Mtoto amekuwa mwanamume kwa kukabidhiwa siri ambayo kila mwanamume mzima anayo.

Je, akina mama hawajui? Siamini hata kidogo. Mke anayefua nguo za mumewe, mama anayemjua mwanawe kwa namna anavyoweka kisigino, atakosaje kumtambua? Nadhani wanajua, na wanaume wanajua kwamba wanajua, na pande zote mbili zinalinda makubaliano hayo kwa heshima. Kumbuka kwamba kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi, jina na urithi vilifuata upande wa mwanamke na kaka zake. Katika jamii kama hiyo wanaume walihitaji kitu chao wenyewe, na lipiko likawa hicho. Mwanamke anapokimbia kwa yowe, naye anashiriki katika mchezo. Bila yowe lake hakuna mfu aliyefufuka, kuna kijana tu mwenye mti kichwani.

Zaidi ya hapo, upande wa Tanzania kuna kinyago ambacho huvaliwa kifuani na tumboni. Ni kiwiliwili cha mwanamke mjamzito, matiti na tumbo lililojaa, pamoja na nembo zake zote kuzunguka kitovu. Anayekivaa ni mwanamume. Anacheza kwa upole, ameshika mgongo, anaonyesha uzito wa mimba na maumivu yake mbele ya vijana waliotoka jandoni. Mimi kinyago hiki hunigusa kuliko vyote. Mwanamume aliyeambiwa maisha yake yote awe mkakamavu anapewa ruhusa, mbele ya kijiji kizima, kubeba mimba. Ni somo gani la unyumba lingeingia moyoni kuliko hilo?

Ruhusa hiyo ilitumika pia kwa mambo makali. Wareno walipoukalia uwanda wa Mueda na kuleta kodi na kazi za shuruti, mapiko yalianza kuvaa nyuso zao. Zipo hadi leo katika makumbusho sura za Wareno wenye masharubu na nywele zilizotengwa njia. Wapo wafanyabiashara wenye ndevu na kofia, wapo Wahindi wenye maduka. Lipiko la namna hiyo huingia uwanjani likitembea kibwanyenye, linatoa amri, linaandika kwenye daftari lisilokuwepo. Watu wanavunjika mbavu. Mkulima aliyechapwa asubuhi kwa kukosa kodi angemwambia nini bwana mkubwa? Kwa uso wake, asingesema chochote. Kwa uso wa lipiko alisema yote, na aliyetaka kumshika hakujua amshike nani, maana lipiko ni mfu, na mfu halipi faini.

Wachewa nao walifanya vivyo hivyo. Katika Gule Wamkulu kuna Simoni, kinyago chenye uso mwekundu, Mzungu anayechezwa kwa dhihaka. Wamisionari waliipiga vita Nyau miaka mingi, wakaona ni ushetani. Ngoma ikadumu, na mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza kuwa moja ya kazi bora za urithi wa binadamu.

Katika kulitetea jambo hili lazima niseme na upande wake mchungu, kwa kuwa si kila kuficha uso kuna heshima. Afrika Mashariki tumewahi kuona kinyago kingine. Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 kwa ajili ya uasi wa Mau Mau, serikali ya kikoloni ilitumia watu waliovikwa magunia. Gunia lilifunika kichwa na mwili, likawa na matundu mawili ya macho. Wananchi waliwaita gakunia. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walipangwa foleni, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu wa gunia. Akitikisa kichwa, aliyepita amekwisha: ni Mau Mau, apelekwe kambini Manyani au Mackinnon Road. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini katika operesheni hiyo.

Gakunia naye hakuonekana uso. Naye hakutajwa jina. Tofauti iko wapi? Lipiko hucheza katikati ya uwanja wa watu wake, kwa idhini yao, na likikosea huzomewa na hao hao. Anayelivaa anaipa jamii sauti. Gakunia alisimama upande wa bunduki, watu wake mwenyewe wakiwa foleni, na kazi yake ilikuwa kuwanyamazisha. Hakuna aliyemvika ila mwenye nguvu. Kwa kipimo hicho nawapima hata wale wanaojificha siku hizi nyuma ya majina ya bandia kwenye simu. Yupo anayejificha ili aseme ufisadi wa mkubwa bila kupoteza kazi, na yupo anayejificha ili amtukane binti wa watu hadi alie. Wote hawaonekani, lakini siwezi kuwaweka kundi moja.

Turudi Ruvuma. Mapiko yamepita katika misukosuko mingi, na kila mara yametoka na sura mpya. Upande wa Tanganyika, Waanglikana wa Masasi walikuwa na busara ambayo wengine hawakuwa nayo. Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alianza mwaka 1913 kuendesha jando la Kikristo, lenye kambi na mafunzo na sala, badala ya kupiga marufuku. Kuna waliomlaumu kwa kupunguza makali ya mila, na lawama hizo zina hoja, lakini alielewa kwamba huwezi kumwambia mzazi mwanawe asikue.

Upande wa Msumbiji mambo yalikwenda kwa damu. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kuwasikiliza Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, ambao walitoka Tanganyika kudai haki kwa gavana. Wareno waliwakamata viongozi na kuufyatulia umati risasi. Miaka miwili baadaye chama cha ukombozi, Frelimo, kiliundwa Dar es Salaam, na vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964 huko huko Cabo Delgado. Uhuru ulipopatikana mwaka 1975, serikali mpya ilikuwa na mioyo miwili. Kwa upande mmoja iliziita jando na unyago mila za giza na kuzikemea. Kwa upande mwingine ilizipenda ngoma zenyewe, na mwaka 1978 ikaandaa tamasha la kwanza la taifa la ngoma za asili. Mapiko yakapanda jukwaani bila jando lake, yakaimba umoja na ujenzi wa taifa.

Wengine wanasema huko ndiko kuharibika. Sikubali. Paolo Israel, mtafiti aliyeishi na wachezaji wa Mueda na kuandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 2014, ameonyesha kwamba vikundi vya mapiko vimekuwa vikishindana kubuni mitindo mipya kizazi baada ya kizazi, kila kizazi na mapigo yake na nyuso zake. Hata akina mama wana ngoma yao ya vinyago, lingundumbwe, huko Nangade, Mueda na Muidumbe. Wanawake wale wale walioambiwa wakimbie wamevaa, wakaingia uwanjani. Ninachokiogopa ni ngoma kukosa wapigaji; mitindo ibadilike itakavyo.

Na hofu hiyo ina sababu. Wamakonde ni watu waliotawanywa. Tangu enzi za ukoloni walivuka Ruvuma kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanganyika, wengine wakafika Kwale, pwani ya Kenya. Wajukuu wa hao wa Kwale walikaa Kenya miongo mingi bila kitambulisho, hawamo katika hesabu ya nchi yoyote, mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais. Ndipo wakapewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Uso wao ulikuwepo muda wote. Serikali ndiyo haikuwa ikiuona.

Halafu ikaja Oktoba 2017. Wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, na tangu hapo Cabo Delgado haijatulia. Vijiji vimechomwa na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makwao. Mtu anapokimbia usiku na mtoto mgongoni habebi ngoma. Habebi lipiko. Mpolo unaota majani, na mvulana anafikisha umri wa jando akiwa kwenye hema la wakimbizi, pasipo mjomba wa kumvulia kinyago.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, nina maombi. Ninyi mlioko Newala, Tandahimba, Mtwara mjini na Masasi, ngoma bado mnazo. Midimu, ngoma ya vinyago ya upande wenu, bado inachezwa wali wakitoka jandoni, ngongoti bado wanatembea juu ya miti yao mirefu, na Tamasha la MaKuYa huko Mtwara limewakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao uwanja mmoja. Wapelekeni watoto. Msiwaachie watalii peke yao viti vya mbele.

Vijana wenye simu nzuri, rekodini mapigo. Kaeni na mzee mpiga ngoma, mwombeni ruhusa, awafundishe pigo moja moja na jina lake, na wimbo unaokwenda nalo. Akisema hapa usirekodi, zimeni. Siri ni mali yake, na mwenye haki ya kuitoa ni yeye.

Maafisa utamaduni wa wilaya, bajeti ikipatikana msiimalize kwenye kununua sanamu za kupamba ofisi na kuwapa wageni. Walipeni wachezaji na wapigaji, ili kijana aone kwamba kuifahamu ngoma ya kwao kunaweza kumweka mjini na kumlisha.

Na wewe unayepita Mwenge au duka lolote la vinyago, kabla hujauliza bei, uliza jina la aliyechonga na kijiji anachotoka, uliandike nyuma ya kazi yake. Lile lipiko lililokaa Geneva miaka ishirini na mitano lilikuwa na mchongaji, na hadi leo tunalitaja kwa jina la kabila tu. Wachongaji wa sasa wako hai. Waulizeni majina yao.